Bomu Chini ya Machungwa

Sweta la Shangazi Sekela nimelihifadhi kwenye ndoo yenye mfuniko, ile ndoo ndogo ya rangi. Mume wangu ananiona kama nimechanganyikiwa. Nguo inakaa kabatini, anasema, tangu lini nguo ikakaa kwenye ndoo? Simjibu. Harufu ikishatoka hairudi, na harufu hiyo sina mpango wa kugawana na mtu, hata yeye.

Ni sweta la kijani, la mtumba, viwiko vimelegea. Linanuka majani makavu ya mgomba yaliyonyeshewa, moshi wa dizeli, na kwa mbali mafuta ya nazi aliyokuwa akipaka kichwani. Nikifunua mfuniko kidogo tu, nimeshafika Bulyaga, mtaa wetu pale Tukuyu, Jumapili mchana, tumetoka kanisani, mvua inapiga bati hadi watu wanapaza sauti, na sebuleni kwa Bibi wakubwa kwa wadogo wanagombana juu ya bomu la nyuklia.

Nililelewa na Bibi, mama yake baba, kwa sababu wazazi wangu walikuwa kazini mbali. Shangazi Sekela alikuwa kitinda mimba wa Bibi na alikuwa bado nyumbani, hajaolewa. Majirani walishaanza kulisema jambo hilo kwa sauti za chini. Mimi nilikuwa namwomba Mungu lisibadilike. Naapa, wenzangu waliomba viatu na mabegi, mimi nikipiga magoti ombi langu lilikuwa moja, kwamba asitokee mtu wa kumchukua Shangazi.

Alikuwa mfanyabiashara wa ndizi. Alfajiri yuko Kyimo, pale barabara kubwa, anakagua mikungu inayoshushwa kutoka mashambani na kuwasimamia vijana wanaopakia roli la kwenda Dar es Salaam. Likizo nilikuwa naenda naye. Nilimwona akipanda juu ya roli lenyewe, sketi ameikunja kiunoni, suruali ndani, akiwafokea wanaume wenye ndevu zao: "Majani kwanza! Unalaza ndizi kwenye chuma, ni jiwe hilo?" Na wao wanatii. Mimi nilikaa chini kwenye rundo la majani makavu, nikijiona binti wa mkuu wa mkoa.

Kwa biashara hiyo alinunua televisheni na deki ya video. Ninyi mliokua enzi za deki mtanielewa. Mwenye deki mtaani alikuwa na watoto wengi kuliko aliowazaa. Jumapili sebule ilijaa, wakubwa kwenye viti, watoto kwenye mkeka, viatu vyenye tope vimerundikana mlangoni. Lakini kochi la watu wawili lilikuwa letu, Shangazi na mimi, na hakuna aliyethubutu kulikalia. Kila sinema ikifika mahali pa kutia shaka, Shangazi alikuwa akinigeukia, ananiita kwa jina langu na kuniuliza:

"Tumpe, umekubali hiyo?"

"Sijakubali."

"Toa sababu."

Natoa sababu. Nasema mtu hawezi kuruka kutoka ghorofani halafu kofia isianguke. Nasema yule mama amelia lakini wanja haujachuruzika. Shangazi ananisikiliza, kweli ananisikiliza, kisha anawaambia watu, "Mmesikia? Huyu ndiye mwenye macho hapa." Sikuwa mtoto mzuri sana wa sura, na darasani nilikuwa wa katikati. Pale kwenye kochi tu ndipo nilipokuwa namba moja, na nilijua hivyo.

Ndipo akaja Mwalimu Mhina.

Alikuwa amehamishiwa sekondari ya pale mjini kutoka Tanga, mwalimu wa fizikia, mrefu, mwembamba, anaogopa baridi kama kifaranga. Mvua ya Tukuyu ilimkuta na koti moja la kitambaa chepesi, na tangu wiki ya kwanza alikuwa akipiga chafya mtaa mzima unasikia. Aliyemleta nyumbani ni Mzee Ambakisye, jirani yetu, mzee wa kanisa ambaye hakukosa sinema hata moja na hakumaliza hata moja bila kusinzia. "Mama, nimekuletea mgeni," alimwambia Bibi. "Anakaa peke yake huko, ataota uyoga." Bibi akamkaribisha, akampa chai na magimbi. Mimi nikamwangalia miguu. Ilikuwa mirefu, ikaziba njia.

Siku hiyo tuliweka sinema mpya, ya Kizungu iliyotafsiriwa. Mnakumbuka zile, mtafsiri anaongea juu ya sauti zao na kuwabatiza majina anayotaka. Adui aliitwa Kipara, shujaa akaitwa Kamanda. Kipara na genge lake wameiba bomu la nyuklia, wamelificha kwenye roli chini ya machungwa, wanataka kulipeleka katikati ya mji mkubwa walilipue. Wanafika kwenye kizuizi mpakani. Askari anafunua turubai, anaona machungwa, anachukua moja, analimenya, anawaruhusu. Roli linapita.

Nikajiweka sawa kwenye kochi kusubiri swali langu. Kabla Shangazi hajafungua mdomo, Mwalimu Mhina akacheka puani, taratibu, akasema, "Uongo huo."

Shangazi akageuka. Hakugeukia kwangu.

"Uongo upi, Mwalimu?"

"Samahani dada yangu, sikukusudia kuharibu starehe. Ila kitu kile hakipiti hivi hivi. Kina mionzi. Mipakani kule wana vyombo, vingelia kabla roli halijasimama. Tena tazama, wamelibeba watu wawili, wanatembea kama wamebeba kikapu. Lile ni zito mno."

"Zito? Umewahi kuinua mkungu wa Kyimo, wewe?"

Watu wakacheka. Mwalimu akasema bado hajapata bahati hiyo.

"Basi tuachane na uzito," Shangazi akasema, na nikaona amekaa mbele kabisa ya kochi, mgongo umenyooka, kama anapotaka kumfokea mpakiaji. "Mimi magari napakia kila wiki. Anayefunua turubai anaona ndizi za juu. Za juu tu! Nani atashusha roli zima kwenye mvua hii atazame cha chini?"

"Kule ni jangwani, dada. Hakuna mvua."

"Basi jua! Nani atashusha machungwa yote juani?"

"Chombo hakishushi machungwa. Chombo kinanusa tu."

"Na chombo kikiwa kibovu? Au mwenye chombo kaenda kula?"

Mzee Ambakisye akaamka akauliza kama bomu limelipuka. Akaambiwa bado, akalala tena. Kwenye skrini Kamanda alikuwa tayari amelipata bomu, saa yenye namba nyekundu inahesabu kurudi nyuma, jasho linamtoka, na hakuna aliyekuwa anamtazama isipokuwa mimi na watoto wa kwenye mkeka. Mwishoni alilichukua kwa helikopta akalitumbukiza ziwani, maji yakapanda juu, watu mjini wakashangilia. Mwalimu akasema na hilo nalo haliwezekani, samaki na mji wote wangekwisha. Bibi, aliyekuwa kwenye kigoda chake karibu na mlango, akasema lingetupwa ziwa Ngozi kule mlimani pengine lingemezwa, maana lile ziwa lina tabia zake. Wote wakaanza upya.

Swali langu halikuulizwa siku ile. Nilienda kulala na sababu yangu imenikaa kooni, na ilikuwa nzuri. Machungwa yale yalikuwa makavu, hayana hata jani, na roli lililotoka shamba haliwi hivyo. Mimi tu ndiye niliyeliona hilo.

Jumapili iliyofuata Mwalimu alikuja tena. Shangazi akasema tuirudie ile sinema, kuna mahali anataka kumwonyesha. Tukairudia. Na iliyofuata, na iliyofuata. Kila mara wakifika pale kizuizini, mmoja anadaka rimoti. "Rudisha nyuma! Tazama mkono wa askari!" "Hebu simamisha hapo, ona matairi, yameshuka? Roli lenye uzito ule matairi hayakai vile." Watoto wa jirani walianza kupungua, wakaenda kwa mwenye deki mwingine. Mzee Ambakisye akalalamika, "Jamani, hili bomu miezi yote hii halijafika tu mjini?"

Mimi nilikuwa nasononeka, lakini nilikuwa na faraja yangu moja. Nilidhani wanachukiana. Kwa akili yangu, mtu akikuambia uongo huo, hujui unalosema, tena mbele ya watu, huyo ni adui yako. Nyumbani kwetu waliogombana hivyo hawakusalimiana mpaka mchungaji aje. Kwa hiyo kila sauti zilipopanda, moyo wangu ulikuwa ukitulia. Mpige, Shangazi, mmalize huyo, nilikuwa nasema kimoyomoyo, asirudi tena hapa na miguu yake.

Ila kulikuwa na kicheko. Shangazi alikuwa na kicheko kimoja cha chini, kinaanzia tumboni, kinamtoa machozi. Nilidhani ni changu. Kilikuwa kinatoka nikimwigiza mama mchuuzi wa sokoni, basi. Siku moja Mwalimu alisema kwamba kama hoja ya Shangazi ni kweli, basi tangu ahamie Tukuyu huenda ameshakula ndizi zenye nyuklia, ndiyo maana anapiga chafya. Kicheko kile kikatoka. Kikatoka chote. Nilihisi kama mtu ameingia chumbani kwangu amevaa nguo zangu.

Na kuna ile Jumapili niliyotumwa jikoni kuchukua chai. Niliporudi na birika, Mwalimu Mhina alikuwa amekaa kwenye kochi. Upande wangu. Eti deki ilikuwa inakwama na alisogea kuitazama, akaketi hapo. Nikasimama na birika langu nikisubiri anyanyuke.

"Tumpe, mwanangu, kaa hapo kwenye mkeka kidogo," Shangazi akasema, bila hata kunitazama vizuri.

Kwenye mkeka! Na watoto wanaojikuna! Sijui kama nimewahi kumwonea mtu wivu kiasi kile, na nimeshaolewa na nimeshaachwa na rafiki na nimeshaona mwenzangu akipandishwa cheo nilichostahili mimi. Vyote hivyo havikufika pale. Nilitaka avunjike ile miguu. Shuleni nikamwuliza mwalimu wetu wa darasa bomu la nyuklia linatengenezwaje, ili nirudi na hoja ya kuwazidi wote wawili. Akaniambia nitasoma sekondari. Likizo ilipofika nikaenda Kyimo nikachungulia chini ya mikungu ya kila roli, nikitumaini kwamba kuna kitu, chochote kile, nimpelekee Shangazi nimwambie umeona, linapita, nimeliona mimi. Nilikuta majani makavu na mjusi.

Halafu yakaja mabadiliko ambayo yalinifurahisha kuliko Krismasi. Siku moja ya kawaida, nikiwa shule, walikuja wazee wageni nyumbani, nikarudi nikakuta vikombe vingi havijaoshwa na hakuna aliyeniambia kitu. Jumapili yake, Mwalimu Mhina alibisha hodi kama kawaida. Bibi alikuwa kwenye kigoda chake. Aliposikia tu sauti ile, akanyanyuka, yeye wa magoti yanayouma, akavuta kanga akajifunika kichwa hadi usoni, akapita mlango wa nyuma kwenda jikoni, upesi upesi, karibu apige teke kuku. Mwalimu naye akasimama nje kwenye mvua mpaka aliposikia mlango wa nyuma umefungwa. Ndipo akaingia, ameinamisha kichwa.

Nikasema moyoni, amekwisha. Bibi amemchoka!

Haikuishia hapo. Sinema ilipofika mahali pa ile saa, sauti ya Bibi ikatoka jikoni ikipita ukutani:

"Tumpe! Gwe! Mwulize huyo aliyeko huko, hao wabaya wameweka saa ya nini? Mwizi gani anaacha taa inawaka?"

Huyo aliyeko huko! Hata jina lake hataki kulitaja. Nikalipeleka swali, kwa furaha kubwa. Mwalimu naye, badala ya kujibu kwa sauti ukutani, akaniambia mimi kwa unyenyekevu, "Mwambie Mama kwamba hapo amenishinda. Saa hiyo ni ya kutuogopesha sisi watazamaji." Nikapeleka jibu jikoni. Bibi akacheka ndani ya kanga, akasema nimwambie asante, ndaga fijo, akanipa na sahani ya mbalaga, ndizi za nyama, nimpelekee. Nikaona ni unafiki wa watu wazima, kumlisha mtu usiyetaka hata kumtazama.

Nilivumilia hadi sinema ilipoisha. Watu walikuwa bado wamekaa, na Shangazi alikuwa upande wake wa kochi na Mwalimu upande wangu. Nikasimama katikati ya sebule nikasema kwa sauti ya kukariri shairi:

"Bibi hakupendi. Ndiyo maana ametoka. Hataki hata kutaja jina lako."

Mvua tu kwenye bati. Kisha Mzee Ambakisye, ambaye safari hii alikuwa macho, akaanza kutikisika mabega, na sebule nzima ikaangua kicheko. Hata jikoni nilisikia mtu anacheka. Shangazi hakucheka. Aliziba mdomo kwa mkono, akanitazama kama mtu aliyesahau mtoto stendi.

"Njoo hapa, mwana," Mzee Ambakisye akaniita, akifuta macho. "Wewe ni Mnyakyusa gani? Mama mkwe na mkwe wanakaa chumba kimoja? Wanaangaliana usoni, wanaitana majina? Bibi yako amemkimbia kwa sababu amempokea. Wangekuwa hawamtaki, angekaa pale pale kwenye kigoda chake amkodolee macho."

Nikamwangalia Shangazi. "Mkwe wa nani?"

Nilijijibu mwenyewe. Bibi alikuwa na binti mmoja tu ndani ya nyumba ile.

Nililia mpaka nikatapika magimbi. Shangazi alinifuata chumbani, akanifunika sweta lake, akasema mambo mengi, kwamba nitakuwa nakuja likizo, kwamba moyo haupungui. Nilikuwa nimegeukia ukuta. Nilimwuliza jambo moja tu, kama wanachukiana kila Jumapili vile, anawezaje kuolewa naye. Akanirekebishia sweta mabegani. "Hatuchukiani, Tumpe. Sijawahi kupata mtu mzima wa kubishana naye bila kukasirika." Mtu mzima. Neno hilo lilinichoma kuliko yote.

Walifunga ndoa, na haukupita muda Mwalimu akahamishwa kurudi upande wa Tanga. Akaondoka naye. Televisheni ilibaki kwa Bibi, deki wakaenda nayo, na ile sinema pia. Jumapili sebule ikawa na Bibi, mimi, na Mzee Ambakisye aliyekuja kusinzia kwa mazoea. Kochi lote likawa langu, nikawa nakaa kwenye mkeka.

Nilikwenda likizo Tanga mara chache, kisha nikaacha. Nilikuwa nawakuta mezani wanabishana, chumvi, siasa, njia fupi ya kwenda sokoni, na mimi nasubiri mahali pa kuingilia sipaoni. Nikakua, nikaolewa Dodoma. Bibi akatangulia. Wao wakarudi Rungwe, Mwalimu akikaribia kustaafu, wakajenga Kyimo, na Shangazi akarudia ndizi zake. Nilikuwa napiga simu sikukuu. Ndiyo, sikukuu tu. Nilikuwa mtu mzima mwenye watoto na bado nilikuwa nikisikia sauti ya yule mwanaume nyuma ya simu, nafupisha mazungumzo.

Shangazi aliugua kwa muda mfupi. Tulimzika Kyimo, kwenye mvua, migomba imezunguka kaburi. Siku ya kugawa nguo, shangazi wengine na mabinti walikaa chini wakachagua kanga na vitenge. Mwalimu Mhina hakukaa nao. Alikuwa sebuleni, kwenye kochi la watu wawili lile lile la Bulyaga, vitambaa vipya lakini mbao zile zile, amekaa upande ule ule alionipora. Nywele zimekuwa nyeupe. Bado alikuwa na miguu mirefu. Mapajani alikuwa ameweka sweta la kijani.

"Hili sikutaka lipelekwe kule," akasema. "Ni lako. Alisema mwenyewe."

Nikalichukua nikabaki nimesimama. Nikamwuliza kile ambacho wiki nzima nilikuwa nataka kumwuliza na wivu ulikuwa unanizuia, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwepo. Nikamwuliza mwishoni walizungumza nini.

"Bomu," akasema. Akacheka kidogo, kisha uso ukamharibika, akasubiri hadi akautuliza. "Kule hospitali palikuwa na televisheni ukutani, wakaonyesha sinema ya namna ile. Nikamwambia, mama, miaka yote hii kubali basi, lisingepita. Unajua alinijibu nini? Alisema, 'Usiniulize mimi. Mwulize Tumpe, ndiye mwenye macho.'"

Nikalikunja sweta mikononi.

"Alikuwa anasema hivyo tangu Tanga," akaendelea. "Kila nikikaribia kushinda. Tumpe angekuwepo ungenyamaza. Tumpe angeliona hilo. Nimebishana na watu wawili maisha yangu yote, na mmoja hayupo chumbani. Nilikuwa nakuonea wivu wewe mtoto, acha tu. Pale kwenye kochi nilikalia mahali pako, lakini sikuwahi kupewa."

Nje mvua ilikuwa imeongezeka, wanawake wakawa wanaingiza vyombo ndani. Mwalimu akajivuta, ile miguu yote, akahamia upande aliokuwa akikaa Shangazi, akaacha wangu wazi. Nikakaa. Nilikuwa nimelikumbatia sweta, na tulitazama mbele, kwenye televisheni iliyozimwa na kufunikwa kitambaa cha msiba.

"Mimi nasema roli lile lisingepita," akasema. "Tumpe, umekubali hiyo?"

"Sijakubali."

"Toa sababu."